Sabuni Imekaa Wapi? Mhadhara Kuhusu Kinga ya Afya Nyumbani



Sikuja kuwaambia mnawe mikono. Hakuna mtu mzima ukumbini humu asiyejua kwamba mtu akitoka chooni hunawa, kwamba maji ya kunywa huchemshwa, kwamba mtoto hulala ndani ya chandarua. Tumeyaimba hayo tangu darasa la kwanza, tukikaguliwa kucha mstarini. Nimekuwa bwana afya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika nyumba nilizoingia ni mara chache nilikuta ujinga. Mara nyingi nilikuta sabuni imefungiwa kabatini ili watoto wasiichezee, na choo kiko upande wa pili wa ua. Familia ya nyumba hiyo unaweza kuihutubia mwaka mzima na isibadilike kitu.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja. Afya ya nyumbani hulindwa na jinsi vitu vilivyopangwa, kuliko inavyolindwa na maarifa yaliyo kichwani. Mama aliyechoka, mtoto mgongoni na sufuria jikoni, hutumia kilicho karibu na mkono wake. Sote tuko hivyo. Basi kilicho salama tukiweke karibu na mkono, na chenye madhara tukiweke mbali, kisha tuone nani bado atahitaji hotuba.

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika Tanzania nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, kazi iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikishirikiana na Wizara ya Afya. Wengi wakiisimulia leo huisifia redio. Mimi naisifia kwa jambo jingine: kikundi kikishasikiliza na kujadili, kilitakiwa kuamua la kufanya. Watu walitoka hapo wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi. Choo kilichochimbwa mwaka ule kiliendelea kufanya kazi hata baada ya mwenye nyumba kusahau kipindi kilisema nini.

Nitakaa sana kwenye maji, maana huko ndiko kwenye mambo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walichunguza vijiji na mitaa ya Kenya, Uganda na Tanzania kuona watu wanateka maji wapi, wanayabeba vipi, na wanatumia kiasi gani. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka 1972 na bado kinasomwa na kila anayeshughulika na maji ya kaya. Kilitufundisha kutenganisha mambo mawili ambayo mpaka leo tunayachanganya. Yapo magonjwa tunayoyanywa kwenye maji machafu. Yapo pia magonjwa yanayotupata kwa sababu maji hayatoshi kuoga, kufua na kunawa: upele, trakoma ya macho, na sehemu kubwa ya kuharisha kwa watoto. Nyumba inayotia dawa lita 5 za kunywa kwa uangalifu mkubwa, lakini haina kopo la maji ya kunawa mlangoni pa choo, imeziba tundu moja na kuacha jingine.

Sasa tuyafuate maji ya kunywa yenyewe. Yametoka bombani yakiwa mazuri, tuseme. Yameingia kwenye ndoo ambayo asubuhi ilifuliwa nepi. Yamefika nyumbani, yakamiminwa kwenye ndoo nyingine yenye mfuniko, na juu ya mfuniko kuna kikombe cha plastiki kilichofunikizwa. Hapo kila mgeni ataona pasafi. Lakini kaa kwenye mkeka saa moja, utazame. Mtoto anaingia mbio kutoka kucheza, anafunua, anachota, na vidole vyake vinazama mpaka kwenye fundo la pili. Anakunywa nusu. Nusu iliyobaki, kwa kuwa amefunzwa kutomwaga maji ovyo, anairudisha ndani ya ndoo. Mwenzake anakuja, mfuniko umeshaanguka chini, anauokota na kuufunika vile vile. Mpaka adhuhuri maji yale si yale yaliyotoka bombani, na hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Wataalamu wamepima maji kwenye vyanzo na kuyapima tena ndani ya nyumba katika nchi nyingi, na mara kwa mara wamekuta yamechafuka zaidi baada ya kufika nyumbani.

Dawa yake ni kuondoa uchotaji. Maji ya kunywa yamiminwe au yafunguliwe, yasichotwe. Dumu lenye mdomo mwembamba linatosha: mkono hauingii hata mtu akitaka. Lililo bora zaidi ni ndoo ya mfuniko iliyotobolewa na fundi bomba, vidole viwili juu ya kitako, ikafungwa koki na kuwekwa juu ya stuli ili kikombe kipite chini yake. Kikombe kining'inie kwenye msumari. Gharama ni koki moja na muda mfupi wa fundi. Tangu hapo mtoto anaweza kukimbia na mikono yake michafu, akanywa, akaondoka, na maji ya wenzake yakabaki salama.

Kuchemsha kunatutia hasara bila sababu. Wengi huyaacha maji yatokote robo saa, mkaa unateketea. Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha kuua vijidudu vya kuharisha. Baada ya hapo yaache yapoe ndani ya sufuria ile ile, na mfuniko wake. Kuyamimina kwenye jagi lililosuuzwa kwa maji ya bomba ni kurudi ulikotoka. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo cha pakiti, akoroge, asubiri dakika 30. Maji ya tope yatulie na kuchujwa kwanza, kwa sababu tope humaliza nguvu ya dawa. Najua mnalalamikia harufu. Harufu hiyo kidogo ndiyo alama kwamba dawa bado ipo majini inafanya kazi. Na asiye na mkaa wala dawa, jua tunalo: chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, iliyojazwa maji yasiyo na tope, ikilazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 kama kuna mawingu, maji yake yananyweka.

Nimesema tuwe na maji ya kutosha. Anayesikiliza vizuri ataniuliza: kutunza maji mengi si kufuga mbu? Ndiyo, na nchi yetu ina ushahidi uliozunguka dunia nzima. Mwaka 1952 kulizuka homa katika nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa ule mpaka leo unaitwa chikungunya, jina lililotoka kwenye Kimakonde, na umefika Asia, Ulaya na Amerika. Sasa tazameni mazingira yake. Uwanda ule uko juu, mchanga wake unameza mvua, na visima vilikuwa mbali bondeni. Maji yaliyobebwa kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Yalitunzwa ndani ya nyumba, siku kwa siku, na mbu wakazaliana humo humo.

Mbu huyo, Aedes, ndiye anayeeneza pia homa ya dengue, ile iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Tabia zake lazima tuzijue, maana hafanani na mbu wa malaria tuliyemzoea. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Hapendi dimbwi la tope. Anataka maji masafi kama yale yaliyo kwenye jaba lako. Na mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji yalipoishia. Chombo kikikauka, mayai hukaa miezi yakisubiri, yakinyeshewa yanaanguliwa. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake hakumalizi kazi. Sugua kuta za ndani kwa brashi, kila juma, kwa sababu katika joto letu yai hufikia kuwa mbu anayeruka kwa juma moja hivi au zaidi kidogo. Ukisugua kila Jumamosi, kizazi kile hakifiki mwisho. Halafu zunguka ua: tairi, vifuu vya nazi, sahani chini ya vyungu vya maua, trei ya nyuma ya friji, mfereji wa bati ulioziba majani. Simtanki isiyo na mfuniko ifunikwe kwa chandarua chakavu kilichofungwa kamba.

Chandarua cha usiku kibaki pale pale, kwa sababu mbu wa malaria hajastaafu. Tena ana ndugu mgeni, Anopheles stephensi kutoka Asia, aliyeonekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na sasa yuko Kenya. Huyo anaeneza malaria na anazaliana kwenye matangi ya mjini. Mfuniko unaowafaa watoto leo dhidi ya dengue utawafaa kesho dhidi yake.

Nirudi kwenye sabuni. Mnakijua kibuyu chirizi. Dumu la lita 3 au 5 linatobolewa tundu dogo kwa msumari, sentimita chache chini ya mdomo, linaning'inizwa kwenye mti wa kulala juu ya nguzo mbili, na kamba inateremka kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika. Mkono haugusi kitu. Sabuni inatobolewa katikati, inapitishwa kamba na kufungwa pembeni, ndani ya kopo lililogeuzwa chini juu ili mvua isiimalize. Chini panawekwa kokoto ili pasiwe na tope. Nimeviona vibuyu chirizi vingi vilivyokufa, na karibu vyote vilikufa kwa sababu ile ile: vilijengwa kwa ajili ya ukaguzi, mahali ambapo mkaguzi angeviona, karibu na lango. Kibuyu chirizi mahali pake ni hatua tatu kutoka mlango wa choo, njiani kabisa, mtu akipite kwa kukikwepa. Kingine kiwe karibu na jiko. Mkipata wasaa, pimeni nyumba zenu usiku huu: kutoka chooni hadi kwenye sabuni ni hatua ngapi?

Jiko lenyewe nalipitia haraka, ingawa linaua. Moshi wa kuni na mkaa unaumiza mapafu ya anayepika na ya mtoto aliye mgongoni mwake, na nimonia ya watoto inahusiana nao. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri. Mpaka mtungi wa gesi ufike na uweze kujazwa tena, pikia penye hewa, tumia kuni zilizokauka, funika sufuria, loweka maharage tangu jana yake ili yaive mapema, na mtoto mchanga apakatwe na mtu mwingine mbali na moto.

Lakini kuna jambo moja la jiko ambalo silipiti haraka. Kila msimu wa baridi, huko nyanda za juu, tunasikia familia imelala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, na asubuhi haikuamka. Watu hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri mkaa uive, uwe mwekundu usio na moshi, ndipo wauingize ndani. Mkaa wa namna hiyo ndio unaodanganya. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya. Aliyelala haamshwi na kikohozi. Anazidi tu kulala. Ota moto nje au jikoni kabla ya kulala, kisha jiko libaki huko, na mlango wa chumba ufungwe nyuma yako. Blanketi la pili ni bei nafuu.

Ghalani nako tunahitaji kuingia. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, walikufa 125. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Ugali uive namna gani, sumu imo. Kuvu hupata nafasi pale mahindi yanapoanikwa chini kwenye udongo, yanapowekwa yakiwa hayajakauka, au yanapoguswa na unyevu wa sakafu. Anikeni kwenye turubai. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Na kabla ya kuweka, pimeni kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha robo chupa, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikiteremka yote chini, weka. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu chambua utupe. Msiwape kuku wala ng'ombe kwa kusema ni hasara. Sumu ile inarudi mezani ndani ya maziwa.

Tukiwa bado kwenye vyombo: mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya soda. Wala dawa ya kuua wadudu, wala jiki. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo, anaijua chupa. Akishakunywa mafuta ya taa, usimtapishe, maana yakipanda juu huingia mapafuni na kuyaunguza. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe uibebe.

Nimetaja kazi nyingi: kusugua jaba, kujaza kibuyu, kuchambua mahindi, kuchemsha maji. Nikitazama ukumbini naona akina mama wanaandika, na akina baba wanatikisa kichwa kwa kuniunga mkono. Kutikisa kichwa hakusugui jaba. Ninyi baba zangu, kazi za mpangilio ni zenu kwa haki: koki, nguzo za kibuyu, vichanja, mfuniko wa simtanki, dirisha la jiko. Zinafanywa mara moja, zinadumu miaka. Na ile ya kila Jumamosi pia iwe yenu, kwa sababu mama akiongezewa kazi nyingine juu ya zile alizonazo, itakuwa ya kwanza kuachwa siku akiugua. Ni busara pia kumpa kijana wa miaka 12 cheo cha kusaka viluwiluwi. Hawakosi.

La mwisho ni siku ambayo kinga yote imeshindwa, mtoto anaharisha. Kinachomuua ni upungufu wa maji mwilini. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, akiwa na wakimbizi wa Bangladesh waliokumbwa na kipindupindu huko India, aliishiwa dripu. Akawapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe, ndugu zao wakiwanywesha, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Ndiyo ORS hii tunayouziwa dukani kwa pakiti. Ziwepo pakiti mbili tatu nyumbani kabla ya ugonjwa, na usome pakiti inataka maji kiasi gani. Usiku ambao haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, onja: isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya avimalize, siku 10 hadi 14, hata kama tumbo lilitulia siku ya tatu.

Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au choo kina damu, hapo nyumbani pamemaliza kazi yake. Kuharisha maji meupe mfululizo, kama maji ya kuoshea mchele, usisubiri hata dalili nyingine, awe mtoto au mtu mzima. Ondoka huku ukimnywesha njiani. Na safari hiyo nayo hupangwa mchana: kadi ya kliniki iwe kwenye bahasha nyuma ya mlango, nauli kidogo imo ndani yake haiguswi kwa vitunguu, na namba ya bodaboda anayepokea simu usiku imeandikwa ukutani kwa mkaa au kalamu, kila mtu aione. Isiwe kwenye simu ya baba peke yake, maana baba anaweza kuwa safarini.